Nina tarehe ya upasuaji, sindano za jicho na warfarini: nianze na nani?

Hujambo mwanangu,

Mimi ni mama wa miaka 62, naishi Nansio, Ukerewe. Kazi yangu ni dagaa: nanunua kwa wavuvi, naanika, napeleka Mwanza kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Nina kisukari cha miaka mingi. Mwaka jana jicho la kulia likaingia ukungu katikati. Nikimtazama mtu naona masikio na kilemba, uso haupo. Nikapelekwa Mwanza, wakasema retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, imevimba kwa ajili ya sukari, wakaanza kunichoma sindano ndani ya jicho. Mungu ni mwema, sasa nasoma noti bila kumpa mtoto anisomee. Natakiwa kurudi kila baada ya wiki nne, na daktari wa macho ameniambia nisithubutu kuruka.

Natumia pia warfarini, kila jioni. Nilipewa baada ya moyo kwenda mbio ovyo ovyo na pumzi kukatika. Wakasema ni ya kuzuia damu isigande. Nina kadi ya INR, kile kipimo cha damu inavyochelewa kuganda, mara nyingi inasoma 2 na ushee.

Sasa ngiri ya kitovu imenitoka. Nikinyanyua gunia inajaa kama ngumi, nikilala inarudi ndani. Daktari wa upasuaji amenipangia tarehe mwezi ujao, akaniambia niache dawa ya damu wiki mbili kabla. Nilipofika kliniki ya moyo nesi akashika kichwa: “Mama, nani kakwambia? Ukiacha utaanguka kiharusi.” Daktari wa macho naye anasema lake ni jicho, mengine niwaulize wenzake. Na tarehe ya sindano yangu imeangukia siku mbili baada ya upasuaji.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Mjukuu wangu aliyeko chuo amesoma kwenye simu kwamba dawa ninayochomwa jichoni, Avastin, inazuia kidonda kufunga, eti mtu akae siku 28 ndipo apasuliwe. Wifi yangu naye, siku niliyorudi na jicho jekundu kabisa upande mmoja, akasema hiyo ni warfarini, niwe naiacha siku tatu kabla ya kila sindano. Sijaiacha, lakini usingizi sina.

Nianze na nani? Niache nini? Au nivumilie tu na ngiri yangu?

Mama wa Nansio

*

Shikamoo mama.

Nianze kwa kukupunguzia mzigo: sindano zako za jicho na upasuaji wa ngiri havina ugomvi. Chenye ugomvi na kisu ni warfarini, na ugomvi huo una utaratibu wake unaojulikana. Kilichokukosesha usingizi ni kwamba kila mlango uliogonga umepewa kipande cha jibu. Mimi sijaiona kadi yako wala sijakupima, kwa hiyo ninayokuandikia hapa ni ya kwenda nayo kliniki, si ya kuanza kuyafanya kesho asubuhi. Mpaka upate mpango ulioandikwa, usiache hata kidonge kimoja.

Nimalize la jicho kwanza kwa sababu ndilo jepesi. Dawa inayoingia jichoni ni mililita 0.05, tone moja tu, kwa sindano nyembamba sana inayopita kwenye weupe wa jicho, karibu milimita nne kutoka ukingo wa ile duara nyeusi. Pale juu pana vimishipa vidogo. Sindano ikikigusa kimoja, damu inavuja na kutandaa chini ya utando unaofunika weupe. Mtu anajitazama kwenye kioo anapiga kelele, lakini haiumi, haigusi uwezo wa kuona, na ndani ya wiki moja mbili inafyonzwa yenyewe. Huwapata hata watu ambao hawajawahi kuonja warfarini. Ndiyo maana kwa kawaida madaktari wa macho hawamwachishi mgonjwa dawa hiyo kwa ajili ya sindano: hasara ya wekundu ni kujificha wageni, hasara ya damu kuganda ni kiharusi. Mwambie wifi ahsante kwa kukujali, ila dawa unaendelea nayo. Wewe waoneshe tu kadi ya INR kabla hawajakuchoma, maana ikiwa imepanda kupita kiasi ni vizuri wajue.

Wekundu wa kuogopa ni mwingine. Ukichomwa, halafu siku chache baadaye jicho likaanza kuuma na maumivu yanaongezeka, mwanga unachoma, ukungu unarudi au unazidi, hapo ni maambukizi ndani ya jicho mpaka daktari aseme vinginevyo. Hutokea mara chache sana, lakini hayasubiri Jumatatu wala meli ya kesho kutwa.

Mjukuu wako hajadanganywa na simu yake. Avastin ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na karatasi ya dawa inasema hivyo hivyo: isitumike siku 28 kabla ya upasuaji wa kupangwa, wala siku 28 baada yake na mpaka kidonda kifunge. Lakini hiyo ni dawa inayopitishwa kwenye mshipa wa damu. Mgonjwa wa saratani mwenye kilo 70 hupewa miligramu 350 kwa mara moja, hata zaidi ya hapo. Wewe jichoni unapewa 1.25. Piga hesabu: ni mara 280 kwa uchache. Kiasi kidogo huingia kwenye damu, na ndiyo sababu daktari wa upasuaji lazima ajue kwamba unachomwa, na daktari wa macho lazima aambiwe kama umewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo, hasa miezi ya karibuni. Lakini kuikimbia sindano ya jicho kwa hofu ya kidonda cha tumbo ni kulipoteza jicho bure.

Tarehe sasa. Siku mbili baada ya kupasuliwa tumbo hutakuwa na hamu ya kupanda bodaboda kwenda kuchomwa jicho, na ukiikosa sindano hiyo utaambiwa uje “wakati mwingine”, ambao huku kwetu unaweza kuwa miezi miwili. Wengi hufikiri dawa ni kuivuta sindano ije mapema. Hapana, sindano hizi hazibananishwi, wiki nne zina maana yake. Kinachoweza kusogezwa ni tarehe ya kisu, kwa sababu ngiri inayorudi ndani ukilala haina haraka ya siku kumi. Mwombe daktari wa upasuaji akusogeze mbele kama siku 12. Sindano utachomwa siku yake ileile, siku kumi zitapita, na kama kuna maambukizi yangetokea, kwa kawaida yangekuwa yameshajionesha. Ndipo upasuliwe. Sindano inayofuata itakukuta wiki mbili na nusu baada ya upasuaji, unatembea. Kama tarehe ya upasuaji haisogei kabisa, basi mwombe daktari wa macho asogeze sindano kwa wiki moja au mbili, na akuandikie siku yenyewe kabla hujatoka mlangoni. Wiki moja mbili si janga. Kupotea kliniki ndilo janga.

Tuje kwenye warfarini, na hapa naomba tukae.

Wiki mbili ulizoambiwa ni nyingi mno. Sijui kama ulisikia vibaya au mtu alisema kwa haraka, lakini usizitumie. Nesi aliyeshika kichwa naye ana haki ya kuogopa, ila “usiache kabisa” nako si jibu kwa upasuaji wa tumbo. Utaratibu wa kawaida ni siku tano bila dawa. Tuseme upasuaji ni Jumatano. Kidonge cha mwisho unameza Alhamisi jioni ya wiki iliyotangulia. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu na Jumanne humezi. Jumanne hiyo unapimwa INR, na madaktari wengi hutaka iwe 1.5 au chini. Ikiwa bado iko juu, wanaweza kukupa vitamini K kidogo ya kumeza, au kuahirisha. Usiruhusu kipimo hicho kirukwe kwa sababu foleni ni ndefu. Daktari wa usingizi akitaka kukuchoma ganzi ya mgongoni huku damu yako haigandi vizuri, damu inaweza kuvuja karibu na uti wa mgongo, na hilo ni baya kuliko ngiri yenyewe. Kwa hiyo naye mwambie kwa mdomo wako, hata kama imeandikwa kwenye faili. Sema “natumia warfarini, nimemeza mara ya mwisho Alhamisi.”

Baada ya upasuaji, kama damu haivuji, dawa inarudishwa jioni ileile au kesho yake, kwa kiwango chako cha kila siku. Usimeze viwili ili kufidia. Warfarini ni mzembe wa kuanza: itachukua siku tano au zaidi kabla INR haijarudi 2, na wiki moja baadaye ni lazima upimwe tena.

Utajiuliza: katika hizo siku damu si itaganda? Hapa inategemea kwa nini ulipewa dawa, na barua yako haisemi wazi. Maneno yako, moyo kwenda mbio ovyo ovyo, yanaelekea kwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Kama ni hilo peke yake, habari ni njema. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uitwao BRIDGE, wa wagonjwa 1,884 wenye tatizo hilo ambao warfarini yao ilisimamishwa kwa ajili ya upasuaji. Nusu walichomwa sindano za jamii ya heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kuziba lile pengo la siku bila warfarini, nusu wakachomwa sindano isiyo na dawa bila wao kujua. Walioganda damu na kupata kiharusi au mfano wake walikuwa asilimia 0.3 upande mmoja na 0.4 upande wa pili, hakuna tofauti ya maana. Lakini waliotokwa damu nyingi walikuwa asilimia 3.2 kwa wenye heparini na 1.3 kwa wasio nayo. Yaani kwa watu wa namna hiyo, kuziba pengo kuliongeza kuvuja bila kuongeza kinga. Mtu akikuandikia sindano za heparini za tumboni kwa mazoea tu, una haki ya kuuliza kwa adabu kama kweli unazihitaji.

Kuna watu ambao kwao jibu ni jingine. Mwenye valvu ya chuma moyoni, yaani mlango bandia wa kupitisha damu, ambaye hawezi kusahau kwa kuwa ana kovu la kifuani. Aliyepata kiharusi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Aliyeganda damu mguuni au kwenye pafu hivi karibuni. Hao mara nyingi upasuaji usio wa haraka unaahirishwa, au pengo linazibwa kwa heparini kwa uangalizi. Na kuna valvu iliyobana tangu utotoni, matokeo ya homa ya baridi yabisi iliyoanza na koo kuuma, ugonjwa ambao huku kwetu haujaisha. Kama ulipimwa moyo kwa ile mashine ya ultrasaundi, uliza majibu yalisema nini kuhusu valvu. Hilo ndilo swali moja ningependa usitoke kliniki bila jibu lake.

Utasikia pia kuna dawa mpya, kama rivaroxaban, ambazo huachwa siku moja au mbili tu kabla ya kisu. Ni kweli zipo. Ila usikimbilie kubadili kwa ajili ya ngiri. Kwa mgonjwa ambaye valvu yake iliharibiwa na baridi yabisi, utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionesha warfarini na jamii yake ndizo zinazolinda vizuri zaidi.

Sasa swali lako la kwanza, uanze na nani. Anza na kliniki ya moyo, kwa sababu aliyekuandikia warfarini ndiye mwenye kauli ya kuisimamisha na kuirudisha. Nenda na barua ya upasuaji yenye jina la operesheni na tarehe, na uombe kitu kimoja: karatasi iliyoandikwa siku ya kidonge cha mwisho, siku ya kupima INR, kama kuna heparini au hakuna, na siku ya kuanza tena. Wapige muhuri. Karatasi hiyo unamwonesha daktari wa upasuaji na unamwuliza, “Unakubaliana nayo?” Kama hakubaliani, apige simu pale pale, wasikutume wewe kubeba ubishi wao. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo hapa ni wewe. Kwa Kanda ya Ziwa, Bugando ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda, na moyo, macho na upasuaji vyote vinapatikana pale. Kama kliniki zako zimetawanyika mjini na hazielewani, omba rufaa.

Katika wiki hizi linda INR yako isiyumbe. Matembele, kisamvu na mchicha vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Usiviache, kula kama ulivyozoea. Kinachoharibu hesabu ni wiki ya kula kila siku na wiki ya kuacha kabisa. Diclopar ya duka la dawa kwa ajili ya mgongo weka pembeni, na aspirini usimeze mpaka uandikiwe. Maumivu tumia paracetamol, kwa kipimo. Ukiandikiwa Flagyl au Septrin, mwambie aliyekuandikia kwamba unatumia warfarini, maana zote mbili huipandisha INR. Na zile chupa za mitishamba zinazouzwa kwenye meli zikisifiwa kutibu sukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja, zipite tu.

Sukari nayo usiisahau. Daktari wa upasuaji atataka kipimo cha wastani wa miezi mitatu, na wengi wakiona imezidi asilimia 8 na nusu hivi hupenda kuishusha kwanza, kwani sukari nyingi hukaribisha usaha kwenye kidonda. Lakini mama, usijishindishe njaa ili uishushe kwa kishindo. Sukari ya muda mrefu ikishuka ghafla, retina inaweza kuharibika zaidi kwa muda kabla haijatulia. Ishushwe polepole, na daktari wa macho ajue. Asubuhi ya upasuaji utakuwa hujala, kwa hiyo uliza mapema vidonge vya sukari au insulini unafanyaje siku hiyo.

Kuvumilia ngiri? Kama haiumi na inarudi, kusubiri miezi kadhaa huku ukipangiliwa vizuri si kosa. Kuvumilia miaka ukinyanyua magunia, mimi ningekushauri hapana. Ngiri ya kitovu kwa mtu mzima haijifungi, na siku itakayokwama nje, ngumu, inauma, unatapika, hupati hewa wala choo, utapasuliwa usiku huohuo ukiwa na warfarini kamili mwilini. Hilo likitokea kabla ya tarehe, usisukume, usikande kwa maji ya moto, usile. Nenda hospitali ya Nansio mara moja, na neno la kwanza mlangoni liwe warfarini, kwa sababu kuna vitamini K na plazma za kuirudisha damu iweze kuganda.

La mwisho ni kisiwa. Ukiruhusiwa kutoka wodini usipande meli siku hiyo. Ukae Mwanza kwa mtoto au ndugu mpaka INR ya kwanza baada ya kuanza dawa isomwe, kama wiki moja, kwani siku ambazo warfarini inarudi kazini ndizo kidonda kinaweza kuanza kuvuja au kuvimba kwa damu ndani, na usiku ziwani si mahali pa kugundua hilo. Kabla ya kuvuka uliza pia kama INR inapimwa Nansio au itabidi urudi mjini. Ukishafika nyumbani, magunia mwachie kijana wa mkokoteni kwa wiki sita, au muda atakaokupa aliyekupasua. Kutembea anza mapema, hata ni kuzunguka tu uwanja wa kuanikia dagaa, maana kulala kitandani kutwa nako huigandisha damu miguuni.